Jinsi ya kuunda programu ya kusaidia tiba ya fikra kwa wanaokosa usingizi

Mtu ambaye usingizi umempaa kwa miezi sita tayari ana vifaa vya kutosha. Ana saa anayoigeukia kila baada ya dakika kumi, ana simu chini ya mto, na pengine ana saa janja mkononi inayompa alama kila asubuhi kama mwanafunzi aliyefanya mtihani bila kusoma. Ukimwongezea programu nyingine ya kumweleza alilala vipi, umeongeza jicho moja juu ya usingizi unaokimbia kwa sababu umekodolewa macho mno. Kwa hiyo kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa msimbo, bandika ukutani kipimo hiki: wiki ya sita mtumiaji aufikirie usingizi kidogo kuliko wiki ya kwanza. Kila uamuzi ulioelezwa humu nimeupima hapo.

Tiba yenyewe ipo na inajulikana. Mwaka 2016 American College of Physicians, chama cha madaktari wa Marekani, ilipendekeza tiba ya utambuzi na tabia iwe ya kwanza kutolewa kwa watu wazima wenye tatizo sugu la kukosa usingizi, kabla ya dawa. Ina sehemu kadhaa: kubana muda wa kukaa kitandani, iliyoelezwa na mwanasaikolojia Arthur Spielman na wenzake mwaka 1987; kukirudishia kitanda maana yake ya kuwa mahali pa usingizi, ya mwanasaikolojia Richard Bootzin, 1972; kutuliza mwili; na tiba ya fikra. Waundaji wengi huzipatia hesabu za kubana muda, kwa sababu kompyuta inapenda hesabu. Wakifika kwenye fikra hubandika makala tano za kusoma na video moja. Humo ndimo ninamotaka ukae muda mrefu zaidi.

Hatua ya 1: Chora mnyororo kabla ya kuchora skrini

Mwaka 2002 mwanasaikolojia Allison Harvey alieleza mwendo wa fikra unaolifanya tatizo lisiishe. Mtu anapata wasiwasi kuhusu usingizi na kuhusu kesho yake. Wasiwasi unauamsha mwili. Mwili ukiwa macho, mtu anaanza kujichunguza: moyo unadunda? Ni saa ngapi sasa? Mbona macho mazito? Anachokiona kinamfanya aamini amelala kidogo kuliko alivyolala, na ameharibikiwa kuliko alivyoharibikiwa. Kisha anajikinga: anawahi kitandani, anafuta miadi, anashinda amejilaza. Kinga hizo zinamnyima nafasi ya kugundua kwamba hofu yake imetiwa chumvi.

Chora pete hizo kwenye karatasi, halafu weka kila kipengele unachokusudia juu ya pete moja. Muda wa wasiwasi unakata pete ya kwanza. Jaribio la mchana linakata pete ya kinga. Grafu ya kila usiku yenye rangi nyekundu na kijani inakata nini? Haikati kitu, tena inaikaza pete ya kujichunguza. Kipengele kisicho na pete ya kukata kiache, hata kama mwekezaji amekipenda.

Hatua ya 2: Jua nani yuko upande wa pili, na weka mlango

Amua mapema kama programu inasimama peke yake au inamsaidia mtaalamu. Idara ya Marekani inayohudumia wanajeshi wastaafu ilitengeneza zote mbili: CBT-i Coach kwa anayetibiwa na mtaalamu, na Insomnia Coach kwa anayejisimamia. Ya kwanza inaweza kuwa daftari na kikokotoo tu, maana maamuzi yanafanywa na binadamu. Ya pili inabeba maamuzi, kwa hiyo inabeba pia hatari zake.

Mlangoni weka Insomnia Severity Index, kipimo cha ukubwa wa tatizo la kukosa usingizi: maswali 7, alama 0 hadi 28, ambapo 15 na kuendelea ni tatizo la kiwango cha kati au kubwa. Uliza pia muda: kukosa usingizi huhesabiwa kuwa sugu ukiwa angalau usiku mitatu kwa wiki, kwa miezi mitatu au zaidi. Kisha yaje maswali ambayo timu ya biashara haiyapendi, kwa sababu yanapunguza watumiaji. Je, mtu ana ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka? Kupunguziwa usingizi kunaweza kumpandisha. Ana kifafa? Anakoroma sana na kukatikiwa pumzi usingizini? Hutembea akiwa usingizini? Huendesha gari masafa marefu au mashine nzito? Hao wasipewe ratiba ya kubana muda bila mtaalamu. Swali kuhusu mawazo ya kujiua nalo lazima liwepo, na jibu la ndiyo liongoze kwa binadamu papo hapo. Kumwonyesha ukurasa wa ushauri wa jumla hakutoshi.

Hatua ya 3: Tengeneza shajara inayouliza kwa Kiswahili kilichonyooka

Shajara ya usingizi ndiyo msingi wa kila kitu. Mwaka 2012 wataalamu walichapisha shajara moja ya pamoja ili kila mtu apime vilevile, na maswali yake ni machache: ulipanda kitandani saa ngapi, ulianza kuutafuta usingizi saa ngapi, ilichukua muda gani mpaka ukakuchukua, uliamka mara ngapi, jumla ulikaa macho muda gani, uliamka moja kwa moja saa ngapi, ulitoka kitandani saa ngapi, na usingizi wenyewe ulikuwaje.

Kuyatia Kiswahilini si kazi ya dakika tano. “Kulala” kwetu ni kujinyoosha kitandani na pia ni kushikwa na usingizi. Ukiuliza “Ulilala saa ngapi?”, mmoja atajibu saa aliyojitupa kitandani, mwingine saa usingizi ulipomchukua, na tofauti kati ya saa hizo mbili ndiyo ugonjwa wenyewe unaoutafuta. Uliza “Ulipanda kitandani saa ngapi?” kisha, katika skrini nyingine, “Unakadiria ulichukua dakika ngapi mpaka usingizi ukakushika?” Vivyo hivyo “kuamka” na “kutoka kitandani”. Mtu anaweza kuamka alfajiri na kugaagaa saa nzima na nusu, na muda huo unahesabika.

Saa nazo zina mtego. Anayesema saa tano usiku akikuta kisanduku cha tarakimu kinachotaka 23:00, wapo watakaoandika 5, na programu itaamini mtu alipanda kitandani alfajiri. Usimwachie tarakimu tupu. Weka neno kando ya saa: usiku, alfajiri, asubuhi. Tafsiri kwenda mfumo wa saa 24 ifanyike ndani ya mashine, mahali asipoiona.

Tarehe ina utata wa aina yake, kwa kuwa usiku mmoja unavuka siku mbili. Hapa lugha imetuwahi kwa msaada: andika “usiku wa kuamkia Jumanne” juu ya fomu na utata umekwisha. Kwa wafanyao kazi za zamu, uliza “usingizi wako mkuu wa mwisho” badala ya usiku.

Neno “kadiria” lionekane kila mahali penye muda. Ukimtaka mtu usahihi wa dakika, utakuwa umemwagiza aitazame saa usiku, na kuitazama saa ni mojawapo ya mambo unayojaribu kumwachisha. Dakika 20, 30, 45 zinatosha. Fomu nzima ijazwe kwa chini ya dakika mbili, mara moja, ndani ya saa moja au mbili baada ya kutoka kitandani, halafu ifungwe mpaka kesho yake. Iliyojazwa siku mbili baadaye ipokee, ila itie alama ya kuwa imechelewa.

Hatua ya 4: Kokotoa dirisha la usingizi, na uweke sakafu

Baada ya wiki moja ya shajara, gawa wastani wa muda aliokuwa usingizini kwa wastani wa muda aliokaa kitandani. Huo ndio ufanisi wa usingizi. Tuseme mtu hukaa kitandani dakika 510 na kuwa usingizini dakika 345: ufanisi ni asilimia 68 hivi. Dirisha lake la kwanza, yaani muda anaoruhusiwa kukaa kitandani, linakuwa dakika 345. Akichagua kuamka saa 12 kamili asubuhi kila siku, atapanda kitandani saa 6 na robo usiku, si kabla. Wiki inayofuata akiwa usingizini dakika 315 kati ya 345, amefika asilimia 91, kwa hiyo mwongezee dakika 15. Kanuni inayotumika sana ni kuongeza akifika asilimia 85 au 90, na kupunguza akishuka chini ya 80 au 85. Matoleo yanatofautiana kidogo; chagua moja na usiibadilishe katikati.

Sakafu iwe muda wa saa 5. Hata kama shajara inadai mtu alipata usingizi wa muda wa saa 3 tu kwa usiku, dirisha lisishuke chini ya hapo. Mwambie pia, kabla hajakubali, kwamba wiki za mwanzo atasinzia zaidi mchana na ajihadhari na usukani. Asiyeambiwa hili huiacha programu siku ya nne, na ana haki.

Matokeo ya kila usiku yasionyeshwe. Onyesha wastani wa wiki, mara moja kwa wiki, pamoja na uamuzi wa dirisha jipya. Usiku mmoja mbaya hauna habari yoyote ya maana kitabibu, lakini ukiupa grafu yake utageuka ushahidi mikononi mwa mtu anayetafuta ushahidi wa kushindwa.

Hatua ya 5: Daftari la fikra

Anza na kipimo: DBAS-16, sentensi 16 kuhusu imani za usingizi, kila moja ikipewa alama 0 hadi 10 kwa kadiri mtu anavyokubaliana nayo. Faida yake kubwa kwako ni kukuonyesha sentensi gani mbili au tatu zimemkaa mtu huyu, ili programu iache kumhubiria kuhusu zote.

Programu nyingi hapa humpa mtumiaji orodha ya “makosa ya kufikiri” na kumtaka achague kosa lake. Siipendi njia hii. Aliyepata lepe moja tu la usingizi usiku uliopita hahitaji kufanyiwa mtihani wa istilahi na kuambiwa anakuza mambo. Tena sehemu ya fikra yake ni kweli: kukosa usingizi kunachosha, na aliyechoka hukosea. Chombo kisichokiri hivyo hupoteza imani yake hapohapo. Kwa hiyo katika daftari weka nafasi tatu: fikra yenyewe kwa maneno yake, sehemu iliyo kweli, na sehemu ambayo bado haijathibitishwa. Hiyo ya tatu ndiyo utakayoifanyia kazi.

Ifanyie kazi kwa njia mbili ambazo mashine inazimudu vizuri.

Ya kwanza ni hesabu ya hofu. Mtu anaandika: “Nikikosa usingizi tena leo nitafukuzwa kazi.” Anaulizwa ana uhakika kwa asilimia ngapi, tuseme 70. Kisha programu inachukua aliyoyasema mlangoni: miaka 5, usiku mitatu kwa wiki. Hiyo ni takriban usiku 780. Inamuuliza, bila kejeli: “Katika asubuhi hizo 780, ni ngapi zilifuatiwa na kufukuzwa kazi?” Usimwandikie jibu, na usiongeze sentensi ya kumfariji. Acha nafasi tupu aandike mwenyewe, halafu muulize asilimia yake upya. Hata ikishuka kutoka 70 hadi 50, ipokee kama ilivyo.

Ya pili, ambayo naiona ndiyo yenye nguvu kuliko zote, ni jaribio. Hoja hubadilisha fikra kidogo. Tukio alilolishuhudia mtu mwenyewe hubadilisha zaidi. Asubuhi mtumiaji anaandika ubashiri unaoweza kupimwa. “Siku itaharibika” haupimiki, basi programu imuulize: “Mtu mwingine akikuangalia, ataona nini?” Labda atasema: “Nitashindwa kumaliza ripoti, na nitagombana na mtu.” Ubashiri unafungwa kwa kufuli, hauhaririki. Jioni unafunguliwa na anajibu kilichotokea. Kufuli ni muhimu kwa sababu kumbukumbu zetu hujirekebisha. Bila kufuli, ifikapo jioni mtu ataapa kwamba hakuwa na hofu kubwa kiasi hicho.

Andaa majaribio machache yaliyo tayari. La nguvu za mwili ni zuri: wengi huamini nguvu hutoka kwenye usingizi peke yake, kama maji ya tangi, kwa hiyo baada ya usiku mbaya hujitunza na kukaa. Mpangie siku moja ya kujitunza na siku nyingine ya kutoka, kutembea, kuongea na watu, na zote mbili apime uchovu kila baada ya saa chache. Mwishoni ziweke kando kwa kando. Lipo pia la kuigeuza saa ifichike kwa usiku kadhaa, likilinganishwa na usiku wa kuitazama.

Muda wa wasiwasi uweke hapa pia: dakika 15 hadi 20 za mapema jioni, safu mbili, jambo linalosumbua na hatua ya kwanza ya kesho. Zikiisha ukurasa unajifunga. Ubuni usifunguke tena mpaka jioni ya pili, hasa usiku wa manane, hata akigonga mlango.

Hatua ya 6: Usiku, nyamaza

Arifa ya “Muda wa kulala umefika” ni kosa. Usingizi haulazimishwi, na kuamriwa na simu ni kulazimishwa. Tuma arifa saa moja kabla ya dirisha, ya kumwambia apunguze kazi, kisha usiseme tena. Masharti ya kupanda kitandani ni mawili kwa pamoja: dirisha limefunguka, na anasinzia. Mfundishe tofauti mapema: kuchoka ni mwili kutaka kupumzika, kusinzia ni kope kushuka na kichwa kudondoka. Mtu anaweza kuwa hoi na asiwe na usingizi hata chembe.

Iwapo ataifungua programu usiku, akutane na skrini nyeusi, maneno ya kijivu hafifu, bila tarakimu yoyote. Tumia skrini nzima ili hata saa ya simu iliyo juu ifichike. Sentensi moja inatosha: “Kama umekaa macho kiasi cha kukereka, toka kitandani, fanya jambo tulivu, rudi ukisinzia.” Kanuni ya kawaida husema kama dakika 20, lakini usiweke kipima muda, anayehesabu dakika 20 amekwisha kuamka kabisa. Hapo pasiwe na shajara, makala wala daftari la fikra, kwa sababu fikra za saa tisa usiku hazijadiliki vizuri saa tisa usiku.

Hatua ya 7: Saa janja na roboti ya mazungumzo

Utaombwa uunganishe saa janja. Vifaa hivi hupima mwendo na mapigo ya moyo, na huchanganya kulala macho kwa utulivu na usingizi, kosa linalowagusa zaidi watu hawahawa. Kuna hatari nyingine: katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, watu wenye tatizo la usingizi walipewa taarifa za uongo za kifaa cha mkononi, na walioambiwa wamelala vibaya waliripoti hali mbaya zaidi mchana. Namba peke yake ilitosha kuwachosha. Kama ni lazima kukusanya data hizo, ziende kwa mtaalamu au kwa mtafiti, mtumiaji asizione kila siku.

Roboti ya mazungumzo nayo ina ushawishi wake. Inaweza kumsaidia mtu kuigeuza hofu ya jumla kuwa ubashiri unaopimika, kazi ndogo yenye mipaka. Ikiachwa huru itamfariji, na atarudi kesho kufarijiwa tena, mpaka kufarijiwa kuwe kinga mpya katika ule mnyororo wa hatua ya kwanza. Ratiba ya dirisha isiguswe na roboti kabisa. Ikokotolewe kwa kanuni zilizoandikwa, zinazokaguliwa.

Hatua ya 8: Ijaribu, na ujue sheria itakuita nini

Kaa na watu watano wenye tatizo lenyewe na uwatazame wakijaza shajara asubuhi wakiwa na uchovu wao. Vitufe vilivyoonekana vikubwa ofisini vitakuwa vidogo ghafla. Baadaye pima matokeo kwa kipimo kilekile cha mlangoni. Kushuka kwa alama 8 au zaidi huchukuliwa kuwa mtu ameitikia tiba. Idadi ya mara programu ilivyofunguliwa usiihesabu kuwa mafanikio. Mashada ya siku mfululizo, nishani na moto unaowaka kwa asiyeruka siku, vyote vitoe: anayekosa usingizi ana sababu za kutosha za kujiona ameshindwa.

Ukisema programu “inatibu”, nchi nyingi zitaihesabu kifaa cha tiba. Marekani, FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, iliipa idhini Somryst, programu ya kutibu kukosa usingizi, mwaka 2020. Uingereza, NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba, iliipendekeza Sleepio, programu nyingine ya aina hiyo, mwaka 2022. Kampuni ya Somryst, Pear Therapeutics, iliomba ulinzi wa kufilisika mwaka 2023. Kwa hiyo andaa tangu toleo la kwanza kitufe cha kupakua shajara yote na kitufe cha kuifuta yote, na uandike mahali penye kusomeka data zitakwenda wapi kampuni ikifungwa. Maelezo ya anachokihofia mtu usiku ni siri kuliko namba yake ya benki.

Hatua ya 9: Panga mtumiaji ataondokaje

Tiba hii kwa kawaida huchukua vikao 6 hadi 8. Panga programu iishe. Kuanzia wiki ya tano shajara iwe ya siku nne kwa wiki, kisha mbili, kisha isiulize. Katika wiki ya mwisho rudia DBAS-16 na umwonyeshe mtu zile sentensi zake mbili tatu za mwanzo, pamoja na bashiri zake zilizofungwa na majibu ya jioni zake.

Baada ya hapo acha ukurasa mmoja tu, ambao ameuandika mwenyewe akiwa anapata usingizi mzuri: saa yake ya kuamka, dirisha lililomfaa, fikra inayowahi kurudi, na jaribio lililoivunja. Usiku mibovu itarudi, safari ikija au msiba ukitokea. Arifa zote zimezimwa. Anaufungua ukurasa huo mchana, akiutaka.